Mzazi Anapoishika Filimbi: Kufundisha Timu ya Watoto Mvumi

Mzazi anayejitolea kufundisha timu ya watoto huziba pengo ambalo shule peke yake haiwezi kuliziba. Mwalimu wa michezo ana vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha, na muda wake wa uwanjani huishia zaidi kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi yanayochuja wachezaji kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Mashindano hayo ni ya mchujo tangu mwanzo: mtoto mmoja anavuka kwenda kambi ya wilaya, wenzake ishirini wanarudi nyumbani. Katika kata ya Mvumi, upande wa Dumila wa wilaya ya Kilosa, ishirini hao ndio wanaobaki kucheza chandimu jioni kando ya njia. Timu ya mzazi ni yao. Mzazi akilishika hilo mapema, atajua baadaye nani acheze, nani apumzike, na ushindi wa Jumamosi una uzito gani.

Si lazima awe amewahi kucheza Ligi Kuu, wala hata timu ya kata. Kinachohitajika siku ya kwanza ni saa mbili kwa juma zisizokosekana, subira, na sauti inayofika mbali bila kuwa ya matusi. Ujuzi unaongezwa njiani. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) huendesha kozi za makocha zinazoanzia ngazi ya awali na leseni D ya CAF, kisha C, B na A, na chama cha mpira wa miguu cha wilaya ndicho cha kuulizwa kozi itakayofuata itafanyika lini na wapi. Mama ana nafasi sawa na baba katika hili, na timu yenye mama mmoja kwenye benchi huwapata wasichana kwa urahisi zaidi.

Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, uwanja una mwenyewe. Ukiwa wa shule, anayetoa ruhusa ni mwalimu mkuu. Ukiwa wa kijiji, ni serikali ya kijiji kupitia mwenyekiti na mtendaji. Barua ya nusu ukurasa inatosha, ikitaja siku, saa, umri wa watoto na watu wazima wawili watakaokuwapo. Mahali ambapo timu ya wakubwa hutumia uwanja huohuo, ni vizuri kupatana nao mapema: watoto waingie saa 10 jioni, watoke saa 11 na robo, wakubwa wachukue muda uliobaki kabla ya giza. Mapatano ya namna hii yasipofanyika, watoto ndio wanaofukuzwa kila siku. Timu ikikua hadi kutaka kuwa klabu na kuingia mashindano ya chama, italazimika kusajiliwa kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Safari ya usajili huanzia kwa afisa michezo wa halmashauri.

Usalama wa watoto ndio sehemu ya kazi hii isiyokubali uzembe hata kidogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mzazi anayekusanya watoto wa wenzake anabeba dhamana nzito mbele ya sheria na mbele ya majirani. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuufuata. Watu wazima wawe wawili kila siku ya mazoezi. Kocha asibaki peke yake na mtoto chumbani, asimpakie mtoto mmoja kwenye bodaboda kwenda naye mahali bila wazazi kujua, na asitume ujumbe wa usiku kwenye simu ya mtoto. Viboko havina nafasi: hata shuleni adhabu hiyo iko chini ya mwalimu mkuu, na mzazi kocha hana mamlaka ya kumchapa mtoto wa jirani yake. Kichurachura na kuzungushwa uwanja kama adhabu navyo viachwe, kwa sababu mtoto aliyeadhibiwa kwa kukimbia atakuja kuchukia kukimbia. Likitokea jambo la ukatili, iwe nyumbani au uwanjani, taarifa inapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, au kwa namba 116, ambayo hupigwa bure.

Kikao cha wazazi kinafuata. Kisizidi nusu saa, na kifanyike mahali wazazi wanapofika hata bila mpira, kama shuleni siku ya mkutano. Kocha anaeleza siku za mazoezi, anataja kwamba kila mtoto atacheza, na anafungua daftari. Daftari hilo ni chombo muhimu kuliko filimbi. Kila mtoto ana mstari wake: jina, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti au kadi ya kliniki, namba ya simu ya mzazi au mlezi, na maradhi yanayojulikana. Swali la maradhi liulizwe faragha, mzazi mmojammoja, maana hakuna atakayesema mbele ya watu hamsini kwamba mwanawe ana kifafa.

Kalenda ya timu inapaswa kufuata shamba. Mvumi ina skimu ya umwagiliaji ya mpunga, na mpunga unapoanza kutoa masuke, watoto hutumwa kuamia ndege. Kazi hiyo huwachukua alfajiri na jioni, saa zilezile za mazoezi. Kocha mgeni wa mambo haya huona watoto wamepungua kutoka ishirini na nne hadi tisa akadhani wamekata tamaa, akaanza kuwafokea wanaofika, au mbaya zaidi, kuwaondoa kikosini waliokosa. Wasiofika wako kwenye majaruba na makopo yao, wakipiga kelele kweleakwelea waondoke. Majuma hayo mazoezi yapunguzwe hadi siku moja, ikiwezekana Jumapili baada ya ibada au saa ambayo familia zimepokezana zamu, na mahudhurio yasihesabiwe kabisa katika kupanga timu. Mtoto wa mfugaji naye ana kalenda yake: ng'ombe wakisogezwa mbali kutafuta malisho, anakwenda nao. Kilosa inabeba kumbukumbu ya mapigano ya wakulima na wafugaji, yakiwamo ya Rudewa ya Desemba 2000 yaliyoua watu zaidi ya 30. Timu ambayo beki wake wa kulia anatoka kwa wakulima na wa kushoto anatoka kwa wafugaji ina thamani isiyoonekana kwenye matokeo, na inastahili kulindwa kwa kumngojea yule aliyekwenda na mifugo, nafasi yake ikiwa pale pale.

Masika nayo yana amri yake. Udongo wa bondeni ukilowa hunata miguuni, na siku hizo ni bora kuhamia kipande kilichoinuka, hata kiwe kidogo. Radi ikisikika, mazoezi yanakwisha papo hapo, na watoto wasikimbilie chini ya mti. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi yawe mafupi na mepesi, na anayefunga asilazimishwe kukimbia ili kuonyesha kuwa ana moyo.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Kwa watoto wa miaka 8 hadi 12, mpira namba 4, wenye mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66, unawafaa kuliko namba 5 wa wakubwa wenye sentimita 68 hadi 70. Mpira mkubwa kwa mguu mdogo humfundisha mtoto kupiga kwa kidole, na tabia hiyo hung'oka kwa shida. Mipira mitatu ya wastani inasaidia zaidi kuliko mmoja wa gharama kubwa na seti ya jezi. Ule wa matambara na kamba usidharauliwe: haudundi sana, hivyo humlazimu mtoto aukaribie na aumiliki. Koni zinaweza kuwa chupa za maji zilizojazwa mchanga. Jezi zinaweza kungoja. Vizibao vya rangi moja vilivyoshonwa na fundi wa kijijini vinatosha kutenganisha pande mbili. Kuhusu miguu, kanuni ni moja na haina msamaha: ama wote peku, ama wote wana raba. Mtoto mmoja mwenye njumu kati ya wenzake walio peku ni hatari, hata awe mpole kiasi gani.

Kosa kubwa la makocha wanaoanza ni kuigawa timu pande mbili, kumi na moja kwa kumi na moja, kwenye uwanja mzima, kisha kusimama pembeni na kupiga kelele. Katika mchezo huo watoto wanne wenye nguvu wanaufukuzia mpira, na winga wa upande wa pili anaweza kumaliza nusu saa bila kuugusa. Sheria za mchezo zenyewe zinaruhusu mashindano ya watoto yapunguze uwanja, magoli, muda na ukubwa wa mpira, na wachezaji waliotoka waingie tena. Mazoezini ruhusa hiyo itumike kwa ukarimu.

Jioni moja inaweza kwenda hivi. Watoto ishirini na wanne wamefika, mipira ni mitatu. Dakika kumi na tano za kwanza ni rede: wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa, anayepigwa anatoka. Mchezo huo wa wasichana wa kila kijiji unafundisha kugeuka ghafla, kuinama na kuangalia pande zote, na mwili unapata joto bila mtoto kujua kwamba anapashwa misuli. Baada yake yafuate mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa, na kujiangusha vizuri. FIFA ina programu ya aina hiyo kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, na utafiti uliofanywa katika nchi nne za Ulaya ulionyesha kuwa timu zilizoifuata zilipunguza majeraha kwa karibu nusu.

Kisha makundi matatu ya watoto wanane. Sita wanasimama mduara, wawili wako katikati wakiutafuta mpira, na anayepoteza anaingia kati. Hapa ndipo kocha anaona mambo. Mtoto asiyezoea hupokea pasi kwa ncha ya mguu, mpira unamruka hatua tatu, naye anaukimbilia huku uso umekunjamana kwa aibu. Kumwambia "kuwa makini" hakumsaidii chochote. Kinachomsaidia ni kocha kuchuchumaa mbele yake hatua tano, kuusukuma mpira polepole kwa mkono, na kumwonyesha jinsi ya kuugeuza mguu ili upande wa ndani uutazame mpira, kifundo kikiwa laini na mguu ukirudi nyuma kidogo, kama anayepokea yai. Mara ya sita au ya saba mpira unalala mguuni. Mtoto anainua macho kumtafuta kocha, na kocha awe bado anamtazama. Kwa jioni hiyo somo ni hilo tu: kupokea. Kupiga mashuti kuna siku yake.

Dakika ishirini na tano zinazofuata ni mechi ndogo, wanne kwa wanne kwenye viwanja vitatu vya hatua thelathini kwa ishirini, magoli ya mawe mawili, bila kipa. Kila mtoto anashambulia, anazuia, anapiga chenga, anapigwa tobo, na hakuna wa kujificha. Kocha azunguke na kunyamaza kadiri anavyoweza. Watoto waliokulia kwenye chandimu wanajua kupatana wenyewe juu ya faulo, na ujuzi huo ni hazina ambayo filimbi ya kila sekunde huiua. Mwisho ni maji, dakika tano za kukaa chini, na neno moja la sifa kwa jambo lililoonekana kweli.

Ugumu wa pekee wa kocha mzazi uko kwa mwanawe mwenyewe. Kijijini kila mtu anajua nani mtoto wa nani, na kila uamuzi unasomwa kwa jicho hilo. Makosa ni mawili na yanafanana kwa ubaya. La kwanza ni kupendelea: mwana wa kocha anavaa jezi namba 10, anapiga penalti zote, hatolewi. La pili hutajwa mara chache lakini hutokea sana, nalo ni kumkomoa: ili asisemwe, mzazi anamfokea wake kuliko wote, anamtoa wa kwanza, anamnyima sifa aliyoistahili. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuelewa kwamba anaadhibiwa kwa ajili ya heshima ya baba yake. Njia ya kutoka ni kumwachia yule mtu mzima wa pili maamuzi yote yanayomhusu mtoto huyo, na kuufanya unahodha kuwa wa zamu kwa wote. Uwanjani mtoto amwite mzazi wake "kocha" kama wenzake; wakivuka mstari kurudi nyumbani, kocha amekwisha, amebaki baba au mama. Njiani mechi isizungumzwe mpaka mtoto aianze mwenyewe. Na siku mtoto huyo akisema hataki tena mpira, anataka ngoma au kwaya, aruhusiwe bila kununiwa, na timu isiachwe kwa sababu hiyo. Hapo ndipo inapojulikana timu ilikuwa ya nani.

Siku ya mechi kanuni ya kikao cha kwanza inapimwa. Kila aliyefika acheze angalau nusu ya mchezo, na mabadiliko yaandikwe kwenye daftari kabla ya mpira kuanza, kwa sababu mbele ya kelele za wazazi kumbukumbu hupotea. Wazazi wakae upande mmoja na timu upande wa pili. Anayemtukana refa aendewe na kusalimiwa kwanza, shikamoo yake ikiwa ni mkubwa, kisha aombwe kwa upole asaidie kugawa maji. Mara nyingi kazi ya mikono humtuliza mtu. Kipigo cha mabao sita kisielezwe uwanjani. Watoto wanakunywa maji, wanawapa mikono waliowashinda, na mazungumzo yanangoja mazoezi yajayo.

Jaribu lingine la siku ya mechi ni umri. Kuna daima kijana mmoja aliyekomaa ambaye "anafanana" na wa miaka 12. Mwaka 2005 vijana wa timu ya taifa, Serengeti Boys, waliokuwa wamefuzu kwa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gambia, waliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na kikosi kizima cha watoto waliostahili kikabaki nyumbani. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za kifundo cha mkono kupima umri kwenye Kombe la Dunia la vijana hao. Kijijini hakuna kipimo hicho, kuna daftari na neno la kocha. Akidanganya mara moja, watoto wote wanakuwa mashahidi.

Wasichana waingizwe tangu siku ya kwanza, si kama kundi la pembeni. Hadi miaka kumi au kumi na moja wanaweza kucheza na wavulana bila tatizo. Baada ya hapo timu yao wenyewe huwapa nafasi zaidi. Wasichana wa timu ya taifa, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa, na habari hiyo ina nguvu kwa mzazi anayedhani mpira hauna njia kwa binti. Pingamizi la kawaida ni kazi za jioni: maji, kuni, kupika. Mazoezi yakimalizika saa 11 na robo, pingamizi hilo hupoteza nguvu. Choo chenye mlango na maji kiwe karibu, na mtu mzima mwanamke awepo.

Katika afya, mambo machache yanataka kujulikana kwa hakika. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu. Mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kushiriki kwa ushauri wa daktari, akinywa maji mara kwa mara, akipumzika kabla ya kuchoka, na asiachwe na nguo mbichi kwenye baridi. Mwenye pumu awe na dawa yake pembeni ya uwanja. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati kupimwa malaria, asipewe dawa na kocha. Aliyegongwa kichwa akayumba, akatapika, akalalamika kuumwa kichwa au akasahau matokeo, anatoka na harudi siku hiyo, hata aseme yuko sawa. Kupiga mpira kwa kichwa hakuna haraka: Marekani ilitangaza katazo lake kwa watoto wa miaka kumi na chini mwaka 2015, na Uingereza ikakuondoa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi mwaka 2020. Na baada ya mazoezi watoto wasiruhusiwe kuogelea au kunawa kwenye mifereji na majaruba, ambako konokono wa kichocho hukaa. Ndoo mbili za maji ya bomba zinatosha kunawa miguu.

Mechi za mbali, tuseme Rudewa au Dumila, zinaleta swali la usafiri. Fuso iliyojaa watoto nyuma, wameshikilia bomba na kuimba, inapendeza machoni na imeshawaua watu wengi nchini. Basi dogo lenye viti, hata likipunguza safari kuwa moja kwa muhula, ndilo la kuchagua, na kila mzazi aandike ridhaa. Fedha za safari na mipira ziwekwe na mtu asiye kocha, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wazazi. Michango ikiwa migumu, kuna somo kutoka Mathare, Nairobi, ambako chama cha michezo cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, kiliweka utaratibu wa timu kupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa. Ligi ndogo ya vijiji vya Mvumi inaweza kutoa pointi kwa kufyeka nyasi za uwanja na kufukia mashimo, na mtoto asiye na mia mbili ya mchango akawa na la kuchangia.

Mtoto wa kocha atamaliza shule ya msingi, ataondoka kwenda sekondari, na mara nyingi mzazi naye huondoka. Kukabidhi kuanze mwaka mmoja kabla: mtu mzima wa pili aendeshe mazoezi ya siku moja kwa juma, kisha mbili, kocha wa zamani akishika maji na daftari. Siku ya mwisho vinahesabiwa mbele ya mwenyekiti na watoto: mipira iliyobaki, vizibao, pampu, filimbi, fedha zilizomo, na daftari lenye majina ya waliopita na waliopo, pamoja na mistari mitupu ya watakaokuja Januari.